Radamel Falcao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jina la Falcao likitajwa kijiweni, asilimia kubwa ya wanaonyanyua mikono ni mashabiki wa Manchester United na Chelsea, na wengi wao wananyanyua kulalamika. Huku kwetu tunaangalia Ligi Kuu ya Uingereza kuliko ligi nyingine yoyote, kwa hiyo mchezaji akiboronga kule, ameboronga dunia nzima. Majibu haya ni kwa wanaotaka kujua yaliyotokea kabla na baada. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kati ya 2010 na 2013 hakukuwa na namba tisa halisi, yaani mshambuliaji wa kati, aliyemzidi. Messi na Ronaldo walikuwa na hesabu yao wenyewe, siwagusi.

Falcao ni nani?

Jina kamili ni Radamel Falcao García Zárate. Alizaliwa tarehe 10 Februari 1986 Santa Marta, mji wa bandari kwenye pwani ya Karibi ya Kolombia, mji uleule anakotoka Carlos Valderrama, yule mwenye nywele za manjano kama kichaka. Ni mfungaji bora wa muda wote wa timu ya taifa ya Kolombia akiwa na mabao 36, na amewahi kuwa nahodha wake.

Mbona jina ni la Kibrazili?

Baba yake, Radamel García, alikuwa beki wa kulipwa nchini Kolombia, na alimhusudu Paulo Roberto Falcão, kiungo wa Internacional, Roma na timu ya taifa ya Brazili. Mtoto akapewa jina. Kwa hiyo Falcao si jina la ukoo. Jina la ukoo ni García, ndiyo maana maandishi ya Kihispania ya zamani humwita "Falcao García". Cha kuchekesha ni kwamba beki alimpa mwanawe jina la kiungo, naye akaishia kuwa mshambuliaji.

Kazi ya baba iliihamisha familia mara kwa mara. Sehemu ya utoto wake aliishi Venezuela, nchi ambayo besiboli inapendwa kuliko soka, na yeye mwenyewe aliucheza mchezo huo kabla ya kurudi Kolombia na kuingia kwenye akademi jijini Bogotá.

Ni kweli alicheza ligi ya wakubwa akiwa na miaka 13?

Kweli kabisa. Tarehe 28 Agosti 1999 aliingizwa dakika za mwisho katika mechi ya Lanceros Boyacá, ligi daraja la pili Kolombia. Alikuwa na miaka 13 na siku 199. Hakuna mwingine aliyewahi kuanza akiwa mdogo hivyo katika ligi ya kulipwa ya nchi hiyo. Hebu fikiria mtoto wa darasa la saba anakabana na beki mwenye ndevu na watoto wawili nyumbani.

Basi umri wake ni wa kweli, au ndiyo yale yale?

Swali hili huulizwa sana na Waafrika, maana tumeyaona mengi. Mwaka 2013 kituo kimoja cha televisheni cha Kolombia kilitoa taarifa kwamba nyaraka za shule aliyosoma zinaonyesha alizaliwa 1984. Falcao alikanusha hadharani, na kumbukumbu za shirikisho la soka la Kolombia zilionyesha 1986. Habari ikafa. Mimi naona hoja ya waliomshuku haina miguu hata ukiipa ile miaka miwili: mtoto wa miaka 15 kuingia uwanjani na wakubwa bado ni jambo la kushangaza.

River Plate alifikaje?

Mwaka 2001, akiwa na miaka 15, alivuka bara kwenda Buenos Aires kujiunga na timu ya vijana ya River Plate. Klabu hiyo ina bweni la vijana ndani ya uwanja wake wenyewe, Monumental. Huko ndiko mchezaji mwenzake wa timu ya vijana alikomwita "El Tigre", Chui, na jina likaganda mpaka leo. Alianza pia kusoma uandishi wa habari chuo kikuu hapo hapo jijini.

Alipandishwa timu kubwa mwaka 2005, akafunga mabao saba katika mechi saba za ligi, halafu goti likamwangusha. Aliumia kano ya mbele ya goti mwishoni mwa mwaka huo, akajaribu kurudi, likaachia tena mwanzoni mwa 2006. Alikuwa hajafikisha hata miaka 20. Wanaodhani matatizo ya goti yalianza Ufaransa wanakosea kwa takriban miaka minane.

Usiku uliomtambulisha ni wa Septemba 2007, Copa Sudamericana, kombe la klabu za Amerika Kusini, River dhidi ya Botafogo ya Brazili. River walikuwa wamepoteza mechi ya kwanza, wakaonyeshwa kadi nyekundu, na bado wakashinda 4-2. Falcao alitupia matatu, la mwisho mechi ikielekea ukingoni. Mwaka 2008 akashinda ubingwa wa Ajentina chini ya kocha kijana aliyeitwa Diego Simeone. Lishike hilo jina.

Porto ilimpata kwa bei gani?

Kwa takriban euro milioni 5.5, majira ya joto ya 2009. Lisandro López alikuwa ameuzwa Lyon na Porto walihitaji mtu wa kuziba pengo. Msimu wake wa kwanza alifunga mabao 34 katika mashindano yote. Porto wakamaliza nafasi ya tatu nyuma ya Benfica na Braga, wakakosa Ligi ya Mabingwa na kuangukia Ligi ya Europa. Bahati mbaya ile ndiyo iliyomjenga.

Kwa nini msimu wa 2010/11 unazungumzwa mpaka leo?

Kwa sababu alifunga mabao 17 katika Ligi ya Europa, bila kuhesabu mechi za mchujo wa kufuzu kabla ya makundi. Rekodi ya awali ilikuwa mabao 15 ya Jürgen Klinsmann akiwa na Bayern Munich, 1995/96.

Na hayakuwa ya kuokoteza. Alifunga matatu Vienna dhidi ya Rapid huku theluji ikimwagika hadi mistari ya uwanja haionekani. Alifunga matatu mengine dhidi ya Spartak Moscow. Nusu fainali, Villarreal walikwenda Porto wakatangulia kufunga. Falcao akajibu kwa manne na mechi ikaisha 5-1. Fainali ilichezwa Dublin tarehe 18 Mei 2011, Porto na Braga, Wareno kwa Wareno. Dakika ya 44 Fredy Guarín, Mkolombia mwenzake, alipiga krosi kutoka kulia, Falcao akapanda na kuupeleka mpira kona ya mbali kwa kichwa. 1-0, mchezo kwisha. Kocha alikuwa André Villas-Boas, na Porto hao hao walichukua ubingwa wa Ureno bila kufungwa mechi hata moja.

Akaondoka Porto na mabao 72 katika mechi 87.

Mtu wa mita 1.77 alifungaje vichwa vyote vile?

Hili ndilo swali nilipendalo kuliko yote. Mabeki wa kati wengi waliomkaba walimzidi urefu kwa kiganja kizima. Tazama marudio ya mabao yake na uache kuangalia mpira, mwangalie yeye. Krosi ikiwa bado kwenye mguu wa winga, Falcao anasimama nyuma ya bega la beki, mahali ambapo beki hawezi kumwona yeye na mpira kwa pamoja. Anapiga hatua moja ya uongo kuelekea nguzo ya mbali. Beki akigeuza tu shingo kumtafuta, keshakatiza mbele yake. Halafu anaruka mapema. Wengi huruka mpira ukifika. Yeye alikuwa tayari yuko juu akiusubiri, shingo imerudi nyuma, na pigo linatoka shingoni hadi kiunoni, si kwenye paji la uso peke yake.

Ongeza na ujasiri wa kujirusha mbele kwa kichwa mahali ambapo mtu mwingine angepeleka mguu. Makocha wa vijana wanaolalamika kwamba mshambuliaji wao ni mfupi wangemwonyesha video hizo badala ya kumhamishia pembeni.

Atlético Madrid alifanya nini hasa?

Alinunuliwa Agosti 2011 kwa ada iliyotajwa kuwa euro milioni 40 pamoja na nyongeza, kuziba nafasi ya Sergio Agüero aliyekwenda Manchester City. Desemba mwaka huo klabu ikamfukuza kocha na kumleta Simeone, yule wa River. Wawili hao walikuwa wanajuana tayari, na ilionekana.

Fainali ya Ligi ya Europa, Bucharest, tarehe 9 Mei 2012, dhidi ya Athletic Bilbao ya Marcelo Bielsa. Dakika ya saba tu, Falcao anapokea mpira upande wa kulia wa boksi, beki Amorebieta yuko mbele yake. Anaonyesha kwenda nje, anauvuta ndani kwa mguu wa kushoto na kuukunja hadi pembe ya juu ya mbali. Kipa anaruka kwa heshima tu. Dakika ya 34 akaongeza la pili kwenye msongamano wa mabeki. Mechi iliisha 3-0. Alimaliza mashindano na mabao 12, kwa hiyo misimu miwili, klabu mbili, makombe mawili yale yale, mabao 29.

Karibu miezi minne baadaye, tarehe 31 Agosti 2012, Atlético walikutana na Chelsea, mabingwa wa Ulaya, kwenye Super Cup mjini Monaco. Kufikia mapumziko Falcao alikuwa ameshafunga matatu peke yake. Matokeo ya mwisho 4-1. Mashabiki wa Chelsea wa rika langu hawapendi kukumbushwa, nami huwa nawakumbusha.

Desemba 2012 alifunga matano dhidi ya Deportivo La Coruña katika ushindi wa 6-0. Mei 2013, fainali ya Kombe la Mfalme, Atlético waliifunga Real Madrid 2-1 ndani ya Bernabéu. Bao la kusawazisha la Diego Costa lilitokana na pasi ya Falcao, aliyewavuta wachezaji wa Madrid katikati ya uwanja kabla ya kuupenyeza mpira. Hesabu ya jumla: mabao 70 katika mechi 91.

Kwa nini aliacha yote hayo akaenda Monaco?

Fedha, kwa ufupi, na si zake peke yake. Atlético walikuwa na madeni mazito, na mfuko wa uwekezaji wa Doyen ulikuwa umesaidia kugharamia ununuzi wake kutoka Porto, jambo ambalo FIFA ililipiga marufuku miaka michache baadaye. Wenye fedha zao walitaka mauzo. Monaco, iliyokuwa imetoka tu kupanda kutoka daraja la pili chini ya tajiri wa Kirusi Dmitry Rybolovlev, ilitoa kiasi kilichoripotiwa kuwa euro milioni 60. Msimu huo huo iliwachukua James Rodríguez na João Moutinho kutoka Porto.

Kimpira, ulikuwa uamuzi mbaya. Alikuwa na miaka 27, kwenye kilele, akaenda timu isiyokuwa na mechi hata moja ya Ulaya msimu ule. Atlético bila yeye walichukua ubingwa wa Hispania mwaka 2014 na kufika fainali ya Ligi ya Mabingwa. Nikilitazama hilo huwa naumia kidogo kwa niaba yake.

Goti liliumia vipi mwaka 2014?

Tarehe 22 Januari 2014, Kombe la Ufaransa, dhidi ya Monts d'Or Azergues, timu ya daraja la nne. Falcao alikuwa ameshafunga. Beki mmoja wa timu hiyo, mchezaji wa ridhaa ambaye kazi yake ya mchana ilikuwa ualimu, aliteleza kumzuia ndani ya boksi, na goti la kushoto likapinda. Kano ya mbele tena.

Alifanyiwa upasuaji Porto. Rais wa Kolombia wakati huo, Juan Manuel Santos, alikwenda kumjulia hali, na nyumbani watu walihesabu siku hadi Kombe la Dunia la Brazili. Yule mwalimu alipokea vitisho vya kuuawa. Falcao alisema wazi kwamba hamlaumu. Mwezi Juni kocha José Pekerman alipotaja wachezaji 23, jina lake halikuwamo. Kolombia wakafika robo fainali bila yeye, James akatwaa kiatu cha dhahabu kwa mabao sita.

Kwa hiyo Uingereza alishindwa?

Namba hazimtetei: mabao manne katika mechi 26 za ligi akiwa Manchester United, bao moja katika mechi 10 za ligi akiwa Chelsea. Lakini angalia tarehe. United walimchukua kwa mkopo siku ya mwisho ya usajili, tarehe 1 Septemba 2014, miezi saba tu baada ya goti kuvunjika. Bao lake la kwanza lilikuwa la ushindi dhidi ya Everton, Old Trafford, na kwa wiki chache tukaamini. Kisha ikaonekana. Ile hatua ya kwanza ya kumtangulia beki, niliyoieleza hapo juu, haikuwepo. Alikuwa anafika pale pale kwa kuchelewa nusu sekunde, na nusu sekunde ndiyo kazi yake yote ilipokuwa. Machi 2015 Louis van Gaal alimpeleka kucheza na timu ya vijana wa chini ya miaka 21 dhidi ya Tottenham. Siku hiyo niliona watu waliokuwa wakimcheka wananyamaza.

José Mourinho akasema atamfufua Chelsea, akampa jezi namba 9, jezi ambayo mashabiki wa Chelsea wenyewe wanaamini ina mkosi. Alifunga dhidi ya Crystal Palace Agosti 2015, kwa kichwa, na Chelsea wakafungwa 2-1. Baada ya hapo ni majeraha na benchi.

Kosa la United na Chelsea halikuwa kumwamini. Walinunua jina la 2012 na mwili wa 2014. Kosa la sisi watazamaji ni kudhani ule mwili ndio uliokuwepo siku zote.

Alirudi kweli, au ni hadithi za mashabiki?

Alirudi. Wengi walikuwa wamekwisha kubadili chaneli. Msimu wa 2016/17 alikuwa nahodha wa Monaco ya Leonardo Jardim, akiwaongoza vijana kama Kylian Mbappé, Bernardo Silva, Fabinho na Thomas Lemar. Timu hiyo ilifunga mabao 107 katika ligi na kuwapokonya Paris Saint-Germain ubingwa. Falcao alifunga 21 ya ligi na 30 kwa jumla.

Mechi ya kutazama ni ya Februari 2017, Etihad, Manchester City 5-3 Monaco. Alifunga kwa kichwa cha kujirusha krosi ya Fabinho. Akakosa penalti. Dakika kama kumi baadaye alimzidi nguvu John Stones, akainua kichwa, akaudokoa mpira juu ya kipa Willy Caballero, taratibu, kana kwamba ile penalti haikuwahi kutokea. Marudiano Monaco walishinda 3-1 wakasonga mbele hadi nusu fainali. Mabao hayo mawili aliyafunga kwenye jiji lile lile la Manchester.

Timu ya taifa je?

Aliitwa kwa mara ya kwanza 2007. Katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2014 alifunga mabao tisa, na Kolombia wakarudi kwenye fainali hizo kwa mara ya kwanza tangu 1998. Tiketi ilipatikana Barranquilla, Oktoba 2013, kwa sare ya 3-3 na Chile baada ya kuwa nyuma 3-0 mapumziko. Mawili ya mwisho yalikuwa penalti zake. Mwaka 2015 alimpita Arnoldo Iguarán, aliyekuwa akishikilia rekodi ya mabao ya timu ya taifa.

Kombe la Dunia alilionja akiwa na miaka 32, Urusi 2018. Tarehe 24 Juni mjini Kazan alifunga dhidi ya Poland, kwa nje ya mguu wa kulia, Kolombia ikishinda 3-0. Hatua ya 16 bora walitolewa na Uingereza kwa penalti, yake aliipachika.

Kuna habari za kesi ya kodi, ni kweli?

Ndiyo. Kama nyota wengi wa Hispania wa miaka ile, alishtakiwa kwa kuficha mapato ya haki za picha ya miaka yake ya Atlético. Mwaka 2018 alikubali makosa, akapewa kifungo cha miezi 16 kilichoahirishwa na faini ya takriban euro milioni tisa. Hakuingia gerezani.

Na maisha ya nyumbani?

Mkewe ni Lorelei Tarón, mwimbaji wa Ajentina, waliyekutana kanisani Buenos Aires enzi za River. Ni Mkristo wa kilokole na hafichi. Baba yake alifariki ghafla Januari 2019.

Baada ya Monaco alicheza wapi?

Galatasaray kuanzia Septemba 2019, ambako uwanja wa ndege wa Istanbul ulifurika kumpokea, ingawa majeraha yalimla muda mwingi. Kisha Rayo Vallecano, timu ya mtaa wa wafanyakazi Madrid, akivaa jezi namba 3, namba ya beki. Oktoba 2021 aliifunga Barcelona bao pekee la mechi. Usiku ule ule Barcelona wakamfukuza kocha Ronald Koeman. Mwaka 2024 akasaini Millonarios ya Bogotá, timu aliyoishabikia tangu utotoni, na mara ya kwanza kucheza ligi kuu ya nchi yake alikuwa na miaka 38.

Aliwahi kushinda Ballon d'Or au Ligi ya Mabingwa?

Hapana na hapana. Mwaka 2012 alishika nafasi ya tano kwenye Ballon d'Or na akachaguliwa kwenye kikosi cha dunia cha FIFPro, chama cha wachezaji wa kulipwa duniani.

Sijawahi kumwona akiwa kwenye ubora wake. Nianzie wapi?

Anza na Super Cup dhidi ya Chelsea, kipindi cha kwanza tu, dakika 45. Kisha nusu fainali ya Porto na Villarreal, kipindi cha pili. Ukibaki na muda, fainali ya Bucharest. Za Manchester United usizifungue kabla hujamaliza hizo tatu.